Kishindo cha Chumba cha Pili

Jumatatu, 3 Machi

Mhariri amenipa herufi T ya kamusi ya shule, ya Kiingereza kwa Kiswahili. Leo nimekwama kwenye "thud". Nilidhani ni la kumaliza kabla chai haijapoa — andika "kishindo", songa mbele. Kumbe! Vitabu vinasema zamani, huko kaskazini kwa Waingereza wenyewe, lilikuwa neno la upepo, dharuba ya ghafla. Baadaye likawa la ngurumo. Mwisho ndipo likatulia kwenye kitu kizito kinachoanguka: mlio mfupi, butu, usio na mwangwi. Wengine wanalihusisha na kitenzi cha kale cha kusukuma, wengine wanasema ni mdomo tu unaiga. Kwetu "pu" ndiyo karibu zaidi. Lakini pu ya nini?

Baba alichungulia mlangoni, akauliza Kasuku analia mlio gani leo. Ndilo jina langu la utotoni, maana niliiga kila kitu, hadi bawaba za milango. Nikamwambia asinicheleweshe. Akarudi chumbani kwake na fimbo yake, ko, ko, ko.

Jumanne, 4 Machi

Siwezi kuandika. Naandika.

Asubuhi nilikuwa mezani. Nyuma ya ukuta, chumbani kwa Baba — pu. Mara moja. Mlio mzito, butu, bila mwangwi. Nami nikafanya nini? Nikashika kalamu! "Kama gunia la unga likibwagwa kwenye sakafu ya saruji." Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nikafumba macho ili niusikie tena kichwani. Nikatunga sentensi ya mfano. Nikachemsha chai, bila haraka.

Nilipompelekea kikombe ndipo nikamkuta kati ya kitanda na kabati, shavu sakafuni, amejikojolea. Hakulia. Alisema tu, "Umekuja."

Nyonga ina ufa. Daktari kasema asisimame peke yake.

Jumatano, 5 Machi

Dada amekuja na mabegi yake. Akaniuliza mbele ya Baba, "Wewe ulikuwa hapo ukutani tu. Hukusikia kitu?"

Nikasema feni ilikuwa inanguruma. Feni! Imekufa tangu mwaka jana, na joto likizidi Dada ataligundua hilo. Njia ya mwongo ni fupi. Baba alijua, akageukia ukuta. Bora angenitukana.

Alhamisi, 6 Machi

Mhariri kapiga simu. Ameipenda "thud" yangu kupita kiasi. Ati gunia lile lina uhai, nimelitoa wapi? Nikasema limekuja tu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikamwomba alifute, akacheka, akasema niache unyenyekevu, watoto wa shule wataelewa mara moja.

Ijumaa, 7 Machi

Dada anamwogesha Baba. Mimi napewa maji machafu nikamwage. Nashukuru — angalau hayaniangalii usoni.

Jumamosi, 8 Machi

Dada alitoka kununua dawa. Nilikuwa nimeanza "thump", ndugu wa "thud". Mara, nyuma ya ukuta — pu!

Nilipindua kiti. Nilifika pekupeku. Baba amekaa kitandani, shuka magotini, mzima. Chini, kiatu chake kimoja.

Nikakiokota. Nikauliza kama kimemponyoka.

"Nimekiangusha mwenyewe," akasema. "Nilitaka kujua kama mlio unafika kwako."

Nilikuwa bado nahema.

"Na kiatu ni chepesi, Kasuku," akasema.

Nimekimbilia mezani kwangu. Kiatu nimekuja nacho bila kujua, kiko hapa juu ya karatasi. Naona haya hata kukirudisha.

Dada amerudi. Yuko kwa Baba, wanaongea kwa sauti ya chini. Kila neno linafika. Anamuuliza kiatu cha pili kimeenda wapi.

Baba anamwambia aje aniulize mimi. Kwamba nina la kumwambia.

Anakuja —