Kesho Nitalima Wapi

Mujukuu wangu Espoir,

Huku tuko wazima, na dada yako amezaa mutoto musichana. Umeniuliza sababu gani ninakataa kuuzisha shamba letu la Himbi. Sikia. Wakati wa Zaïre, babu yako alipokufa, jirani alisema shamba ni lake. Kesi ikapanda mpaka kwenye tribinali kubwa ya Bukavu. Juji alisoma hukumu ndefu kwa Kifaransa, sikuelewa hata neno moja. Nikasimama, baba yako mugongoni, nikauliza: "Papa juji, kesho nitalima wapi?"

Akavua miwani, akanijibu kwa Kiswahili: "Kwako, mama."

Nilirudi na neno hilo tu, na mpaka leo linanitosha. Wenye wanakuuliza bei, uwaambie nyanya yuko shambani, anapanda maharagi.

Nyanya yako