Konokono Ndani ya Kiatu cha Baba

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumamosi, asubuhi.

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Habari za huko? Wifi hajambo, watoto wazima? Ile homa ya mdogo imekwisha au bado mnakesha naye? Mimi mzima, ila miguu haitulii. Naandika mistari miwili, nasimama, nakwenda dirishani, narudi. Ukiona mwandiko unapanda na kushuka usidhani nimeanza kunywa.

Barua yako niliipata, nimeisoma mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Unasema mwezi ujao unakuja, tuuze tangi la samaki la Baba, tufunge nyumba, Mama aende kukaa kwako. Nilikuwa nimeshakubali, nakwambia kweli. Tangu tumzike Baba, Mama hajavuka kizingiti cha mlango wa mbele, hata kutupa takataka. Anakaa kwenye kiti chake mbele ya tangi anamtazama Mwenyekiti. Na Mwenyekiti unamjua, anafungua mdomo, anafunga, anafungua, anafunga, na hakuna lililoamuliwa. Baba hakukosea kumpa samaki yule jina lile.

Sasa ngoja nikueleze kwa nini nimebadili mawazo, na usinikatize kama kawaida yako.

Kioo cha tangi kilianza kushika utando wa kijani, mwani ule mwembamba unaoteleza. Nikikwangua leo, kesho umerudi. Mwishowe ukaziba kioo chote, samaki haonekani, na Mama anaendelea kukaa pale pale anatazama kijani. Hapo niliogopa, kaka. Nikaenda kwa yule muuza samaki wa mapambo jirani na kiwanda chetu cha sare. Akasema niache kukwangua, nitafute konokono wa baharini, hao hula mwani mchana na usiku bila kudai mshahara. "Usinunue, nenda kaokote mwenyewe. Ila sasa uangalie uokote wale wa..." Mimi huyo, nilishafika barabarani.

Hukukosea wewe kuniita Kiherehere. Nilifika ufukweni maji yametoka, na kwa vile sikutaka kulowesha viatu vya kazini, nikawachuma wale waliobandika juu ya mawe makavu, kama mtu anachuma nyanya.

Mzigo wa kwanza haukufika tangini. Niliuacha jikoni nikaenda kubadili nguo. Mama amestaafu uuguzi lakini uuguzi haujamstaafu. Hakuna kinachoingia nyumba hii bila kupita kwenye maji ya bomba na dawa, hata wewe ukirudi kutoka bweni alikuwa anakusugulia mlangoni. Nimerudi nakuta amewasugua konokono wangu mmoja mmoja kwa brashi, amewapanga juu ya taulo safi. Walikuwa wanang'aa kwelikweli, na wote wamekufa. Nyumba ilinuka mpaka jirani akagonga kuuliza kuna nini.

Nikaenda tena. Hawa niliwapitisha dirishani. Na walifanya kazi, lo! Asubuhi kioo kina vijia vyembamba safi, na katikati ya kijia kimoja jicho la Mwenyekiti linatuangalia. Mama akasogeza kiti karibu.

Lakini konokono wenyewe, nusu yao hawamo. Mmoja yuko juu ya pazia, mwingine kwenye swichi ya taa, wengine wanapanda ukuta kuelekea dari. Nawarudisha, kesho wametoka tena. Nikaweka kifuniko, na juu ya kifuniko nikaweka kamusi lako. Wakapita kwenye tundu la mpira wa pampu. Nikawa nakwenda kazini roho juu, nikashona mikono ya shati kwenye kiuno cha sketi, msimamizi akanitazama tu akatikisa kichwa. Mama ndiye akawa anazunguka nyumba kila asubuhi kutafuta watoro, kitanda hadi kitanda, kama yuko wodini.

Katika kuzunguka huko akafika mlango wa nyuma. Unakumbuka viatu virefu vya mpira vya Baba, alivyokuwa akivaa kwenda kuteka maji ya bahari ya tangi? Vilikuwa vimesimama pale tangu alipovivua, hakuna aliyethubutu kuvigusa. Konokono mmoja alikuwa ameingia ndani. Mama akatumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akampata, na mkono hakuutoa. Akakaa chini sakafuni hivyo hivyo. Nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Siku ile ile nikamrudia muuza samaki, na safari hii nikamsikiliza mpaka nukta. Kumbe wale wa juu ya mawe wamezoea maji yanayokuja na kuondoka. Ukiwafungia ndani ya maji muda wote watapanda tu, watafute pa kupumzikia. Wa kuchukua ni wale wa kwenye vidimbwi visivyokauka. Nikamweleza Mama. Akaendelea kukunja mataulo.

Juzi narudi kazini nakuta mlango uko wazi, kiti kitupu, kamusi lako sakafuni, tangi halina konokono hata mmoja. Nikaita kila chumba, nikatazama hata chini ya kitanda, kama mtoto. Nilipofika mlango wa nyuma nikaona viatu havipo. Nikakimbia ufukweni na futi ya kupimia nguo ikiwa shingoni.

Yuko kwenye mawe. Amevaa viatu vya Baba, vinampwaya, ndoo mkononi, anawabandika konokono mmoja mmoja na kumbembeleza kila mmoja ashike. Akaniona.

"Mbona unahema? Nani kakufukuza?"

"Mama, umeacha mlango wazi!"

"Na wewe umeufunga?"

Sikuwa nimeufunga. Nikaanza kulia pale pale. Akanipa ndoo nishike, akasema Baba yetu alikuwa anateleza hapa kila mara halafu anamsingizia yeye kuwa amemsukuma. Na akacheka, kaka. Nilikuwa nimesahau kicheko chake.

Leo amekwenda tena kutafuta wale wa vidimbwini. Nilitaka kumsindikiza akanikatalia, ati nitawatisha konokono. Ndiyo maana situlii. Jua limepanda, maji yanaanza kurudi, na mimi ndiye nimebaki kwenye kile kiti namtazama Mwenyekiti. Naogopa asije akateleza. Ila kuogopa huku nakutaka kuliko kule kwa mwanzo. Kwa hiyo njoo, tafadhali njoo, lakini usije kufunga nyumba.

Nisalimie wifi sana, na watoto, na shangazi ukimpigia simu mwambie zile sare za wajukuu wake ziko tayari. Mungu awalinde mnapolala na mnapoamka, na akulete salama.

Mdogo wako akupendaye hata ukimkasirisha,
Kiherehere.

N.B. Amerudi! Amelowa mpaka kiunoni na ndoo imejaa. Nimemsomea barua yote. Anasema ukija, uje na viatu vyako vya mpira. Vya Baba sasa ni vyake yeye.