Vipimo vya Wifi

Jumatatu, 6 Mei
Leo nimempima Wiam. Gauni la harusi ni zawadi yetu, upande wa bwana harusi, basi mwenye tepu ni dada wa Anouar—mimi! Kiuno sabini na nane. Nimeandika sabini na mbili. Kifua nacho nimekipunguza. Katoto kenyewe kananishukuru: asante wifi Ghita, una mkono mwepesi. Mkono mwepesi! Miaka ishirini na mbili, meno yote nje.

Jumanne, 7 Mei
Fundi Bouazza kaniuliza mara mbili kama nina uhakika. Kaftani akishalitia nakshi kwenye mishono halipanuliki tena. Nimemwambia ashone, asinifundishe kazi.

Alhamisi, 23 Mei
Limekuja. Halifungi! Vifungo vya kiunoni vimeachana kiganja kizima. Wiam kalia juu ya kitanda changu, makamasi tele. Eti nimwambie ukweli, amenenepa? Nikamwambia, mpenzi, vile vileja vya lozi unavyobugia vinaonekana. Nimecheka peke yangu jikoni mpaka nikaona aibu. Kidogo.

Ijumaa, 31 Mei
Wiki nzima anakula matango na chai bila sukari. Leo sinia la kuskusi liko mbele yake, kakunja mikono. Mama kamsifu: mkwe ana adabu!

Nikapanda chumbani, nikafungua sanduku langu. Kaftani la kijani, la harusi yangu isiyokuwa. Miaka kumi na moja, halijavaliwa hata saa moja. Lilinikaa sawasawa, na bado bwana akaoa mwingine. Kiuno cha kaftani hilo: sabini na nane.

Jumamosi, 1 Juni
Naandika chooni, kwa wanja. Ua umejaa wageni, ngoma zimeanza. Tulimbana Wiam, watu watatu, likafunga. Kufika ngazini—praa! Kutoka kwapani hadi kiunoni. Mama yake akafoka: nani alichukua vipimo? Wiam akanitangulia:

"Ni mimi, mama. Nilibana pumzi nionekane mwembamba. Wifi hana kosa."

Akawatoa wote chumbani. Tukabaki wawili, yeye kajifunika shuka, midomo mikavu.

"Fundi alinionyesha karatasi yako, wifi. Wiki iliyopita. Nikasema acha, nitapungua tu."

Akalivuta shuka juu, akaendelea:

"Anouar ananiambia una la kijani. Niazime. Tafadhali."

Nikamwambia nililiuza zamani. Ufunguo wa sanduku unaning'inia shingoni, na macho yake yalikuwa hapohapo.

Mlango unagongwa. Si Mama. Ni yeye, na shuka lake, katikati ya wageni.

"Wifi? Nakungoja."