Siku Niliyochomoa Friji

Tarehe 20 Januari

Shikamoo mjomba,

Barua hii ikukute mzima, na vidole vyako vyote kumi, maana Mama kila akikumbuka kwamba unapanda nguzo za umeme anakuhesabia vidole. Sisi huku hatujambo. Mama yuko kwenye cherehani tangu asubuhi, sare za shule zimemjaa mpaka kitandani. Sukari yake imetulia, sindano anajidunga asubuhi na jioni hakosei, na anasema kaka yake hata akisahau kuandika, asisahau kula.

Sasa yangu. Mjomba, nimetunga wimbo. Usicheke. Maneno yangu, sauti yangu, na hakuna anayejua. Wewe unanifahamu: mwalimu akiniuliza swali najibu kwa kichwa, na darasani wananiita Mnong'ono. Lakini nikiwa peke yangu mbele ya ile maiki kuukuu uliyoniachia, sauti inatoka, sijui ilikuwa imejificha wapi.

Studio yangu ni kabati la nguo. Nimetoa rafu, nimening'iniza masalio ya vitambaa vya Mama pande zote, na godoro nimelisimamisha mgongoni kwangu. Maiki nimeifunga kwenye mwiko, waya unaingia kwenye simu. Mbele yake nimevuta soksi ya nailoni juu ya bangili ili pumzi isipige kama makofi. Humo ndani joto lake usiseme, natoka nimelowa kama nguo ya kukamua. Ila sauti ni safi, mjomba, isipokuwa kitu kimoja: chini ya wimbo wote kuna mlio, mmmm, haukatiki. Feni nimezima, bado upo. Ni nini? Wewe ulikuwa fundi sauti wa bendi, masikio yako yanajua.

Mpwa wako

*

Tarehe 29 Januari

Mpwa wangu mpenzi,

Marahaba, marahaba sana. Vidole ni kumi, mwambie dada yangu ahesabu sare zake aniache. Huku kambini ni jua, vumbi na nguzo, simu haishiki mtandao hata ukiipandisha mti gani, kwa hiyo barua yako aliyoileta dereva wa lori nimeila kama chakula.

Sikucheka. Nilitoka nje kidogo, vumbi liliniingia machoni.

Mlio huo ni friji. Sihitaji kuusikia. Si imeegemea ukuta wa chumba chako? Chomoa, rekodi, chomeka. Saa moja haiozeshi kitu. Sisi kwenye bendi tulikuwa tunachomoa mpaka saa ya ukutani.

Na usiimbe kama mtu anayeomba radhi. Imba kama umenikasirikia mimi. Ukimaliza, nieleze ulivyojisikia, maana kuusikia nitausikia nikirudi.

Mjomba wako wa nguzoni

*

Tarehe 14 Februari

Shikamoo mjomba,

Natumaini u mzima. Sisi wazima. Mama alikwenda msibani siku mbili, Jumamosi na Jumapili, nyumba ikawa kimya, nikarekodi. Umetoka vizuri. Mlio haupo.

Friji inafanya kazi.

Mjomba, eti dawa ya sukari ikipata joto, au baridi sana, haiharibiki? Nauliza tu, ni mambo ya shule.

Mama anakusalimia.

Mpwa wako

*

Tarehe 25 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Afya yangu ni ile ile. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikiisoma inazidi kuwa fupi. Siku zote hizo umehangaika na kabati na soksi, halafu wimbo umetoka na unaniandikia mistari miwili? Na mtu haandiki kwamba friji inafanya kazi bila kuulizwa. Mimi hakuna aliyewahi kuniandikia kwamba mlango wake unafunguka.

Habari ya dawa sijui. Najua nyaya. Kwa nini unaniuliza mimi na usimuulize mama yako?

Niambie, mama. Hata ikiwa nini.

Mjomba wako

*

Tarehe 15 Machi

Shikamoo mjomba,

Sijui kama hali ni njema. Nimeanza barua hii mara nne na nyingine nimezichana.

Ile Jumamosi nilichomoa friji kama ulivyoniambia. Nilirekodi mpaka jioni, nikaimba kama sijawahi kuimba, nikajisikiliza, nikalia, nikalala. Friji nikaisahau. Taa yake ya ndani iliungua zamani, hata ukifungua huoni tofauti. Jumapili mchana nikakuta maji sakafuni. Maziwa yamechacha. Na zile chupa mbili za akiba za insulini ya Mama, vuguvugu kama chai iliyosahaulika. Ile moja anayoitumia alikuwa amekwenda nayo msibani.

Mjomba, hapo ningesema ingekuwa aibu ya siku moja. Mimi nikaona nitengeneze. Nikachomeka, nikazungusha kitufe mpaka namba ya mwisho, na chupa nikaziweka kule juu kwenye barafu zipoe upesi kabla hajarudi. Nilipozitoa zilikuwa mawe. Nikazishika kwapani mpaka zikayeyuka, nikazipangusa, nikazirudisha kwenye boksi lake. Zilionekana kama zamani.

Baada ya hapo ndipo nikafungua ile karatasi ya maelezo. Imeandikwa kwa ile lugha ya shule, ambayo Mama haisomi. Humu ndani naisoma mimi tu. Joto la siku moja wala halikuwa na neno. Lakini imeandikwa wazi kwamba ikishaganda isitumike tena, hata ikiyeyuka. Nikaikunja nikairudisha.

Alifungua chupa ya kwanza wiki mbili baadaye. Sasa anakunywa maji ndoo nzima na kiu haiishi. Amekonda. Macho yana ukungu, haoni tundu la sindano ya cherehani, uzi namtungia mimi. Tulipokwenda kliniki, sista alimwambia mbele ya watu, "Mama, unakula vitamu halafu unakuja kutudanganya." Mama akasema, "Sijala, mwanangu." "Basi hujui kujidunga." Wakampandishia kipimo kutoka ishirini hadi thelathini na sita. Nilikuwa nimekaa pembeni yake, mkoba wake mapajani kwangu. Sikufungua mdomo.

Jioni ile nilimkuta peke yake anajifunza upya kudunga, anadunga kile kijimto cha pini. Aliponiona akacheka, akasema, "Uzee huu, mikono imeanza kunisahau."

Na kitu kibaya kuliko vyote, mjomba: ule wimbo ni mzuri. Ni mzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya. Unamhusu yeye, miguu yake kwenye cherehani. Siwezi kuusikiliza.

Chupa mpya atapewa tarehe 28. Niambie nifanye nini.

Mpwa wako

*

Tarehe 22 Machi

Weka barua hii chini sasa hivi, nenda kamwambie mama yako, kisha urudi usome.

Umerudi? Sikiliza. Kipimo wamekipandisha kwa sababu dawa ilikuwa imekufa na wao hawajui. Siku akifungua chupa nzima, yenye nguvu zake zote, akajidunga thelathini na sita, sukari itaanguka kuliko mwili unavyoweza kuvumilia. Daktari wa kambi ndiye aliyeniambia, nimemuuliza kama habari ya mtu mwingine, na uso wake ulibadilika. Asijidunge kutoka chupa mpya kabla kliniki hawajajua. Asijidunge!

Nimepanda mlingoti mrefu kuliko yote tuliyonayo, simu mdomoni, kutafuta mtandao. Sikupata hata mstari mmoja. Dereva anaondoka kesho alfajiri, nimemsihi asilale njiani.

Na jingine. Ni mimi niliyekuambia uchomoe. Nilijua dada yangu ana dawa humo, sikuikumbuka, nilikuwa nawaza wimbo tu, kama wewe. Kama kuna wa kugombezwa, tupange foleni, na mimi nitasimama mbele.

Sema kwa nguvu, mama. Nenda.

Mjomba wako

*

Tarehe 4 Aprili

Mama ni mzima. Nimeliandika hilo kwanza, salamu zitafuata. Shikamoo mjomba.

Barua yako ilifika tarehe mosi, lori liliharibika njiani. Niliposoma mstari wa kwanza niliiweka chini kama ulivyoamuru, halafu nikabaki nimekaa, maana hakuna aliyekuwa amebaki wa kuambiwa.

Tarehe 28 alirudi na chupa mbili mpya. Nitakuambia nilichowaza, ingawa ndicho kinachonitia aibu kuliko vyote: nilifurahi. Nilisema moyoni, mbovu zimekwisha, nzuri zimekuja, sukari itashuka, sitalazimika kusema kitu. Jua lilikuwa bado lipo, ila macho yake na ule ukungu. Nilimmulikia kwa simu aone mistari ya bomba la sindano. Mimi ndiye niliyemwambia, "Hapo, Mama. Thelathini na sita. Imefika."

Nikaenda jikoni kuivisha chakula. Nikasikia cherehani inakwenda, inakwenda, haisimami hata kugeuza kitambaa. Nikachungulia. Alikuwa anashona mkono wa shati kwenye tundu la shingo. Jasho linamdondokea mikononi. Nikamwita, akanitazama kama mteja ambaye hamkumbuki, akasema, "Njoo Ijumaa, itakuwa tayari."

Nilimnywesha maji ya sukari, nusu yakaingia, nusu yakamwagikia kifuani. Kisha nikatoka barazani nikapiga kelele. Mjomba, mimi. Jirani yetu anayechomelea vyuma alisema alitafuta kwanza ni nani, kwa sababu miaka yote tuliyokaa pale hajawahi kusikia sauti yangu. Akatupakia kwenye gari lake katikati ya mageti na madirisha.

Sista alikuwa yule yule. Akauliza kajidunga ngapi, nikamwambia. Akasonya: "Ndio hawa. Ukiwagombeza leo, kesho wanajizidishia." Mama amelala palepale mbele yake, hawezi kujibu. Benchi limejaa watu.

Nikasema, "Kajidunga mlichomwandikia."

"Unasema?"

"Kajidunga mlichomwandikia. Chupa za kwanza niligandisha mimi. Dawa ilikuwa imekufa mwezi mzima. Hakula vitamu na kudunga anajua. Ni mimi."

Nilisema kwa nguvu, mjomba. Mzee mmoja alivua kofia.  Sista alikwenda upesi kumwita daktari, na walipomtundikia ile dripu alirudi kunishika bega, akaniuliza chupa zilikaa kwenye barafu muda gani, akaandika.

Mama alipozinduka daktari alimweleza yote, nami nimesimama mlangoni. Alinitazama, akageukia ukutani. Siku mbili hakunisemesha. Nilimletea uji, alikunywa. Nilimkunjia kanga, aliipokea. Lakini neno, hapana. Mimi ninayependa kimya, hicho sikukiweza.

Siku ya tatu, tukiwa tumesharudi nyumbani, akaniita.

"Mwezi mzima," akasema, "nimekuwa nikiuuliza mwili wangu umenichokea kwa lipi. Kumbe ni wewe."

Nikasema, "Ndiyo, Mama."

"Afadhali wewe. Wewe naweza kukugombeza."

Akanigombeza, mjomba. Alianza mchana, akapumzika kula, akaendelea. Alinigombeza kwa friji, kwa barafu, kwa karatasi niliyoisoma nikaikunja, na zaidi kwa ile siku ya kliniki nilipomshikia mkoba nikanyamaza.  Na wewe umo. Ameniagiza nikuandikie kwamba ukija likizo usipitie kwa mtu yeyote, uje moja kwa moja, na uje umeshiba.

Kipimo kimerudi ishirini. Karatasi za dawa sasa namsomea zote, neno kwa neno, hata pale pasipotuhusu.

Jana nilimpelekea simu nikamwambia nitaufuta ule wimbo mbele yake. Aliuliza unasema nini. Nikamwambia unamsema yeye.  Lile shati lilikuwa mapajani kwake, na mkasi mdogo mkononi, anafumua ule mkono alioushona shingoni.

"Usifute," akasema.

"Utausikiliza?"

Alikata uzi mmoja, akauvuta mpaka ukaisha, akakata wa pili.

"Bado," akasema.

Mpwa wako