Uvimbe Niliouombea Uhai

Jumatatu, 5 Mei
Nimechelewa tena kufungua duka hapa Nateete. Nilikuwa hospitali na mdogo wangu Zaituni. Dawa ya saratani ya titi imeacha kumfaa, uvimbe unakua. Walimchoma sindano, wakatoa kipande kidogo cha uvimbe. Musawo Akello, daktari wa maabara, anakiotesha kwenye visahani, kiwe vivimbe vidogo vidogo. Kisha atavitia dawa, aone vinastahimili zipi na ipi inaviua. Ni utafiti, kasema, haahidi kitu. Mimi nimeshika hapo hapo. Sina pengine.

Alhamisi, 15 Mei
Kila sijda: Mola, uue uvimbe huu popote ulipo. Magoti yanauma.

Ijumaa, 16 Mei
Nilikuwa sokoni Nakivubo nachukua vitenge vya duka. Simu ya Musawo Akello. "Nnyabo, ile vitu imekufa yote."
Nikapiga takbiri barabarani! Watu wa boda wakageuka.
Kumbe msiba. Vimekufa kabla ya kutiwa dawa. Hakuna cha kupimia. Achomwe upya.
Popote ulipo. Nilisema mwenyewe.

Jumanne, 20 Mei
Zaituni hataki sindano. Anaogopa. Nikamweleza dua yangu, nalia. Akacheka mpaka akakohoa. "Dada, si ungebagua! Ungesema wa kifuani." Kisha akasema, "Haya, nitachomwa. Ila safari hii uviombee viishi."
Nimekasirika. Niuombee ugonjwa?

Alhamisi, 22 Mei
Amechomwa. Kucha zake zimeniingia mkononi.
Baada ya alasiri nikainua mikono. Ulimi ukagoma. Nikarudi kukunja vitenge.

Ijumaa, 23 Mei
Nimeomba. Viishi, Mola, kule kwenye visahani. Najiona msaliti.

Jumatatu, 16 Juni
Vinaishi! Musawo kanionyesha kwenye hadubini. Vishanga vya kijivu, vimekaa tu. Nimevichukia. Nikashukuru.
Zaituni anahema akipanda ngazi tatu. Haraka, jamani. Haraka.

Alhamisi, 3 Julai
Dawa ya zamani, ile iliyompukutisha nywele, haikuvigusa. Vilinawiri nayo kama mchicha. Nyingine imevisinyaza. Madaktari wake wamekaa na majibu hayo pamoja na vipimo vingine, wamekubali kuijaribu. Bado hawaahidi. Anaanza Jumatatu.
Amekula matoke kidogo, amelala na kanga yangu.
Nimeswali magharibi taratibu. Leo nimebagua. Wa kifuani, Mola. Vile vya kwenye visahani viache kwanza. Bado wanavisoma.