Nimemvuta Mchumba Wangu Ndani ya Mpaka wa Manispaa

Mpendwa Shangazi Dorcas,

Shikamoo. Naomba msaada wako na naomba uwahi, maana leo ni Jumamosi na Ijumaa ijayo naumbuka, na juu ya hayo nina furaha mpaka nacheka peke yangu jikoni na mama ananiuliza nimekula nini.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na saba, mkaazi wa Utange, na tangu mwaka jana, 1995, nimeajiriwa katika mradi wa kuchora ramani ya Mombasa kwa kompyuta. Ramani ni moja lakini wachoraji ni wengi, sisi wa Kisauni tuna kipande chetu, wenzetu wa Likoni na Changamwe wana vyao, hata wenyeji huja ofisini kutuambia njia ipi inaitwaje, halafu kila kundi huleta disketi yake tukaunganisha. Mimi nimepewa mpaka wa manispaa upande wetu wa bara, ambao kisheria ni mstari ulionyooka kutoka bikoni ya kaskazini, yaani nguzo ya mpaka, hadi bikoni ya kusini kama ulivyoandikwa katika Gazeti la Serikali, na kwetu ni karibu na hiyo ya kusini, mpaka unapita nyuma tu ya jiko la mama, sisi tuko ndani, na baba hupenda sana kuwaonyesha wageni.

Sasa Shangazi, kuna kijana anaitwa Matano, fundi wa mabomba, nampenda na yeye ananipenda, ana nyumba ya vyumba viwili aliyoijenga kwa mikono yake, ila nyumba hiyo iko karibu na bikoni ya kaskazini, nje kidogo ya mpaka. Baba alikuwa karani wa manispaa mpaka akastaafu. Wazee wa Matano walipokuja kuposa aliwapa kahawa na haluwa, akawasikiliza vizuri, kisha akasema, "Kijana sina neno naye. Lakini mimi nimekula mshahara wa manispaa miaka thalathini, wallahi simtoi binti yangu nje ya manispaa. Siku mpaka ukimfikia, njooni, ahlan wasahlan."

Nililia siku tatu. Siku ya nne, saa ya chakula cha mchana, wenzangu wametoka, nimekaa mbele ya kompyuta na ule mstari unaniangalia, nikaishika ncha ya kaskazini, nikauzungusha mstari kidogo tu, katikati yake pakibaki palepale, ili urefu usibadilike, maana mkaguzi wetu Nicanor wa Changamwe hupima urefu, na nyumba ya Matano ikaingia mjini. Nicanor akaja, akapima, akasema, "Uko sawa, dada," nikachapa karatasi, nikaikunja, nikaenda nayo nyumbani huku miguu haigusi chini.

Baba alivaa miwani, akaitafuta nyumba ya Matano kwa kidole, akaipata. Kisha akasema, "Basi mji umekua," akaitisha chai. Shangazi, nikah ni baada ya wiki tatu. Ramani ameitundika sebuleni karibu na saa na kila mgeni anaonyeshwa ile pembe ya juu. Habari zimeenea, mama mmoja jirani ya Matano anaitwa Kahaso ameandika kwenye kibanda chake cha chai "Kahaso Hoteli, Mombasa Mjini", na watu wawili wamemwambia Matano awafungie mifereji nyumbani na hakuna bomba la maji hata moja upande ule. Matano mwenyewe hajui nilichofanya, anadhani serikali imempenda.

Na Ijumaa anakuja Chengo, mchoraji wa wilaya ya jirani, na disketi yake. Mstari wake wa mpaka huohuo ameuchora kwa sheria. Ukiwekwa juu ya wangu hautalingana na kila mtu ataona. Je, nimbembeleze Chengo auzungushe wake pia, maana ni mtu wa watu na anapenda viazi karai vya mama? Au nikah iletwe mbele iwe Alhamisi? Au nimwambie baba ukweli nimpoteze Matano? Nina furaha na nina hofu na sijui ipi ni ipi.

Mchora Mpaka, Utange. Tafadhali usitaje jina langu.

Marahaba, mwanangu.

Jina lako nimelificha na majina ya wenzako nimeyabadilisha, ingawa sijui Utange ina wasichana wangapi wanaochora mipaka kwa kompyuta. Jibu hili limekufikia kwa mkono Jumatatu. Gazetini litatoka baada ya Ijumaa, ili baba yako asikutane nalo kwenye baraza ya kahawa.

Nimecheka, nakiri, mpaka nikavua miwani. Kupendwa kiasi cha kusogezewa manispaa si jambo dogo, na huyo Matano ana bahati. Sasa kaa chini nikukaripie.

Mpaka wa sheria haukai ndani ya kompyuta yako. Umesogeza picha tu. Matano yuko palepale alipokuwa, na Kahaso pia na kibao chake. Halafu ramani hiyo si yako peke yako. Wenyeji wameacha kazi zao kuja kukuambia majina ya njia, Nicanor amekuamini, Chengo anakuja na kazi safi, na kesho mtu atatumia karatasi hiyo kuamua nani achimbiwe bomba na nani apige kura wapi. Unamchezea nani? Kama watu wa kule wanaona kwamba mji umewafikia, wachoree mstari wao mwingine, kwa rangi nyingine, na uandike pembeni nani amesema. Lakini ule wa Gazeti la Serikali uache ukae ulivyoandikwa.

Na kuna jambo hukuliona. Mimi si mtu wa kompyuta, nilichukua rula na karatasi ya mkate. Mstari ukizungushwa kwa katikati, ncha moja ikitoka, nyingine inaingia. Umemwingiza Matano upande wa kaskazini, na upande wa kusini umelitoa jiko la mama yako, pamoja na nyumba yote na mzee aliyemo. Baba yako ametundika ukutani ramani inayosema kwamba yeye anaishi nje ya manispaa, na anawaonyesha wageni.

Usifurahi mapema. Sikuambii uende ukamcheke mzee wako. Nikah ya Alhamisi isahau, na Chengo mpe viazi karai kwa sababu ni mgeni, si kwa sababu nyingine. Leo hii kaurudishe mstari, kisha mwambie Nicanor kwa mdomo wako kabla hajaona kwa macho yake. Jioni mwambie Matano, maana mume hapatikani kwa kufichwa. Kesho mwende kwa baba, wewe na yeye, uitungue hiyo karatasi mbele yake na umwambie uliyoyafanya, yote. Atakasirika. Mwache akasirike, ana haki.

Akimaliza, muombe jambo moja. Nimeisoma barua yako mara tatu, na sikuona popote ulipoandika kwamba baba yako amewahi kufika kwa Matano. Amekataa nyumba ambayo hajaiona, na baadaye ameikubali vilevile, kwa kidole. Basi mchukue mpaka kwenye bikoni ya kaskazini, mwambie mji unaishia hapo, halafu mshike mkono mzihesabu pamoja hatua zilizobaki mpaka mlangoni kwa mkwewe.