Kuku wa Kuingia Komite

Rubondo, kambi ya wakimbizi Nakivale

Mudogo wangu Nabintu,

Nakupigia hodi kwa kalamu. Mgongo unalalamika, meno yamebaki manne, lakini ulimi uko mzima, basi kaka yako hajambo. Lile goti lako linasemaje? Na wale askari wa inchi jirani, wangali kule mlimani juu ya mihogo yako? Usinifiche kama ulivyozoea.

Juma hili nimeshangaa mpaka nimesahau kusema uongo. Nilipeleka maharagwe Mbarara kwa Haji, yule mwenye duka rafiki yangu, tukasikiliza redio. Inchi moja isiyo ya umoja wetu wa inchi za huku imevuka mpaka wa mwenzake, na wakubwa wa umoja wameifungia biashara, ndege, hata mpira. Nikapiga makofi. Kisha ikafika habari ya kwetu huko. Huyu jirani aliyetuvukia mpaka ni wa umoja, kama sisi. Wakubwa walewale "wamesikitika," wanaomba ndugu wakae wazungumze.

"Haji, mbona huyu hafungiwi kitu?"

"Mzee Bahati, huyo ni mtu wa nyumbani. Wa nyumbani hasemwi mbele ya wageni."

"Na sisi? Si tulijiunga juzi?"

"Ndiyo maana mtaketi naye meza moja. Kunywa chai, inapoa."

Nikaiacha chai mezani, nikashika njia.

Narudi Rubondo, nakuta maajabu yaleyale kwenye pompe yetu ya maji. Komite yetu imekataza ng'ombe na kufua pale. Shemeji wa prezida wa komite, naye mwanakomite, alileta ng'ombe zake, mavi mingi mpaka chini ya bomba. Tulikunywa naye chai, tukasikitika. Sasa Mama Chantal, Mrundi mgeni asiye wa komite, kafua nepi moja tu, bidoni zake zote za kuchotea maji zimekamatwa. Watoto wake hawana hata maji ya kupikia.

"Prezida," nikamwambia, "na zile ng'ombe?"

"Muzee, ile ilikuwa kati yetu."

Kati yetu! Basi nikamkamata kuku wangu mwenye chongo, nikamtoa awe kiingilio cha Mama Chantal, maana desturi yetu ni hiyo: ukileta kuku, umekuwa mwanakomite. Wakamla. Jioni bidoni zikarudi. Asubuhi yule mama akafua nepi zote palepale pompeni, huku anaimba. Prezida akakohoa, akasema, "Mama, komite imesikitika."

Nilicheka hadi nikakaa chini. Kisha nikawakumbuka ninyi, kicheko kikakatika. Sisi kuku wetu wa kuingia umoja tulishatoa, Nabintu, na wale askari bado wanavuna mihogo yako.

Usingoje chai ya wakubwa. Chukua watoto, uje. Nisalimie shemeji yangu fundi cherehani, mwambie asibishe hata mara hii moja. Na mama mkwe wako mwenye ulimi kama wangu, yeye abebwe wa kwanza, nimekosa mtu wa kugombana naye. Fasi ya kulala hapa ni ndogo, lakini tutabanana. Maji nayo usiogope: kuku mwingine anaatamia.

Kaka yako anayekataa kuzeeka,
Bahati